Geuza Sahani, Twende Upande wa Pili

Santuri zilizowatia wazimu wazazi wetu Tanga zilichapwa Nairobi. Nililijua hilo tangu utotoni, maana mtoto aliyekatazwa kugusa gramafoni ya baba yake hubakiwa na kazi moja tu, kusoma kinachozunguka: jina la bendi, jina la mtunzi, na pale chini, kwa herufi ndogo, maelezo kwamba sahani imetengenezwa Kenya. Sisi Tanzania hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, Dar es Salaam, na nyimbo chache zilizobahatika kuwa sahani zilikwenda kuzaliwa ng'ambo ya mpaka.

Bendi nyingine hazikusubiri. Wilson na George Kinyonga walipigia Jamhuri Jazz hapa hapa Tanga, wakapita Arusha, wakaingia Mombasa mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika, kisha katikati ya miaka ya 1970 wakapanda Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji wao wakajitenga na kuanzisha Les Wanyika. Wakati huo mpaka ulikuwa na kufuli. Ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa tena 1983, na "Sina Makosa" yao Les Wanyika ikavuma pande zote mbili katikati ya kipindi hicho. Redio haihitaji pasi ya kusafiria. Sahani nazo, kwa nilivyosimuliwa nyumbani, zilikuwa na njia zake za panya huko mpakani Horohoro.

Baba alipofariki aliniachia sanduku la sahani ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, pamoja na daftari alimoandika kila aliyoinunua na kila aliyomwazima mtu asiirudishe. Zilizoazimwa ni nyingi kuliko zilizobaki. Ndiyo sababu ya safari hii: nilikuwa nazitafuta za daftarini, na nilikuwa na mwenyeji, dijei wa santuri anayeishi magharibi ya Nairobi, tuliyefahamiana kwa simu kwa sababu ya ugonjwa huo mmoja.

Basi lilinishusha River Road alfajiri ya Julai, manyunyu yakidondoka na baridi ya kumfanya mtu wa pwani ajute kuzaliwa. Makuli, mikokoteni, wauza chai ya rangi, makondakta wanaita Kisumu, Busia, Nakuru. Mgeni asiyejua angepita hapo asione chochote cha kuandika. Lakini barabara hii na vichochoro vinavyoiunganisha na Mtaa wa Tom Mboya ndivyo vilivyokuwa moyo wa biashara ya santuri Afrika Mashariki nzima. Mwanamuziki David Amunga aliuza sahani zake mwenyewe mjini hapa chini ya lebo ya Mwangaza, akiwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kumiliki lebo nchini. Mwimbaji Joseph Kamaru alikuwa na biashara yake ya santuri, City Sounds. Phares Oluoch Kanindo aliwatoa wapiga benga wa Nyanza chungu nzima, na sahani zake zikasafiri hadi Zimbabwe, ambako watu waliuita muziki wenyewe kanindo, kwa jina la mtu aliyeandikwa kwenye lebo. Sijui kama kuna mfanyabiashara mwingine wa River Road ambaye jina lake limegeuka kuwa mdundo nchi ya watu.

Biashara ilikwenda hivi. Mwimbaji anatoka kijijini na fedha za kuuza mahindi au ng'ombe, analipia studio, au anamshawishi mwenye duka amlipie. Studio si lazima iwe Nairobi; Wajaluo na Wakipsigis wengi walirekodi kwa Chandarana kule Kericho, katikati ya mashamba ya chai. Mkanda unakwenda kiwandani Nairobi, sahani zinatoka, na duka linazipiga kwa spika iliyotazama barabarani. Mpita njia akisimama, wimbo umeuzika. Akipita moja kwa moja, mwimbaji anarudi kwao na masanduku. Hapakuwa na mchambuzi wa muziki wala tuzo. Palikuwa na miguu ya watu wanaokwenda kupanda basi.

Asubuhi ilipochangamka nilikwenda Melodica, Mtaa wa Tom Mboya. Duka hili la familia ya Daudia lipo tangu 1971, na nadhani ni mojawapo ya milango michache mjini ambayo mnunuzi wa mwaka ule akifufuka leo angeitambua. Sahani ndogo zimesimamishwa rafuni kwa mgongo, kwa mamia, katika makaratasi yao ya kahawia, na ukizipekua vidole vinabaki vyeusi. Nilipekua hadi shingo ikauma. Nilichopenda ni kwamba hakuna aliyenihimiza. Katika duka la simu lililo hatua chache kutoka hapo, muuzaji alinivamia kabla sijavuka kizingiti.

Barabara ya Luthuli haikuwa na simile hiyo. Barabara yenyewe imependeza siku hizi, njia ya miguu imepanuliwa na magari yamepunguzwa, lakini mwenyeji wangu alikuwa amenituma sindano. Kijana wa duka la kwanza aliniuliza kama ni ya cherehani. Wa pili alinionyesha sindano ya santuri kweli, ndani ya kiboksi chenye jina la kampuni kubwa ya Japani lililokosewa herufi moja. Wa tatu, mzee aliyekuwa amejikunyata nyuma ya rundo la redio zilizofunguliwa matumbo, nilimwamkia shikamoo. Alicheka kwanza. "Marahaba, kijana. Wewe umetoka Tanzania." Kijana mwenyewe nina mvi. Akafungua droo, akatoa bati la dawa ya viatu, ndani yake sindano zimelazwa juu ya pamba. Alizitazama moja moja kwa kioo cha fundi saa na kuzitenga mbili pembeni. Zile, alisema, zimekwisha ncha; ukiipandisha ncha iliyokatika juu ya sahani hupigi muziki, unalima. Nilinunua moja kwa bei aliyosema bila kubishana, jambo ambalo mama yangu asingenisamehe.

Mchana nilikutana na mwenyeji wangu kwenye kituo cha Kencom. Ni mtu mrefu, amepita hamsini, koti la mvua na begi la bega ambalo halishuki begani hata akikaa kwenye matatu. Ndani ya begi kulikuwa na sahani tatu alizopata asubuhi ile kwa mjane wa Eastlands aliyekuwa anahama nyumba. Ndivyo kazi yake ilivyo, aliniambia matatu ikipanda Upper Hill: nusu yake ni kusubiri watu wahame, wastaafu, wafe, au wapake rangi sebule. "Mtu akipaka rangi ndio anaona hizi vitu ni takataka. Mimi nakuwa hapo nje." Matatu ilikuwa na skrini sita na dijei wa video akichanganya nyimbo kumi kwa dakika mbili, sauti ya kutikisa meno. Mwenyeji wangu hakukasirika hata kidogo. Kule nyuma alikuwa anatingisha goti.

Soko la Kenyatta liko karibu na hospitali kuu yenye jina hilo hilo, pembeni mwa Barabara ya Mbagathi. Moshi wa nyama choma hukupokea kabla hujaliona. Baada ya moshi ni wasusi, akina dada waliojipanga na mafungu ya nywele mikononi, wanakuita hata kama wewe ni mwanamume mwenye kipara. Kati ya mabucha na wasusi kipo kibanda namba 570 cha James Rugami, ambaye wanahabari wa dunia wamemfuata sana hata jina lake la kazi, Real Vinyl Guru, linajulikana kwa watu wasioweza kuionyesha Nairobi kwenye ramani. Yuko sokoni hapo tangu 1989. Hebu fikiria mwaka wenyewe: kaseti zimeshashinda, kila kona kuna mtu anarudufu albamu ya mwenzake, na makampuni makubwa ya santuri yaliyotoka nje yanafunga virago au yameshaondoka. Katika mwaka ule ule huyu bwana anapanga santuri sokoni, zikitazamana na ndizi na matumbo.

Kibanda ni chembamba. Ukitaka kupishana na mtu mnakubaliana kwanza. Sahani zimepanda hadi darini, kubwa na ndogo, na mashine za santuri zilizokuja kutengenezwa zimewekwa popote penye nafasi. Siku ile palikuwa na wateja wengi, mmoja Mzungu na orodha yake, wawili wanafunzi wa chuo wenye orodha kwenye simu, kwa hiyo sikumsumbua mwenye duka kwa maswali. Nilitazama mikono ya wanunuzi. Mzungu alichomoa kila sahani, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango, akaisoma mikwaruzo, akairudisha. Wale wanafunzi walitazama jalada tu. Mwenyeji wangu hakutazama jalada wala mikwaruzo. Aligeuza kila sahani upande wa pili.

Nilimuuliza sababu tukiwa kwenye meza ya nyama, na hapo ndipo nilipopata nilichokifuata Nairobi bila kujua.

Sahani ndogo ya mizunguko 45 haibebi zaidi ya dakika nne au tano kwa upande kabla sauti haijaanza kufifia. Nyimbo zetu za dansi ni ndefu. Kwa hiyo ule wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, mkasa wa mapenzi, kitikio, salamu, kisha sauti inazimwa taratibu katikati ya utamu, unainuka, unageuza sahani, na upande wa pili gitaa zinafunguka, wapigaji wanaachiliwa, hadithi imekwisha na kilichobaki ni kucheza. Bendi zilizoea kutunga hivyo. Wapo wanaosema huo ni ufundi wa benga na rumba ya Nairobi, kuanza kwa utaratibu na kumaliza kwa fujo. Mimi naona angalau nusu ya ufundi huo ni kipimo cha sahani, inchi saba.

"Sasa shika hii," mwenyeji wangu akasema, akafuta mafuta mikononi, akatoa moja ya zile tatu za mjane. Ilikuwa benga ya Victoria Jazz. Upande wa kwanza ulikuwa mweusi na unang'aa, unaweza kujitazama usoni. Akaugeuza. Upande wa pili ulikuwa wa kijivu, umesagika kuanzia ukingo hadi karibu na lebo, na kwenye lebo yenyewe, kuzunguka tundu, kulikuwa na vijistari vya karatasi iliyochubuka, alama za mtu anayeweka sahani gizani na kulitafuta tundu kwa kupapasa. "Hawa watu hawakuwa wanaskiza story. Walikuwa wanaenda straight kwa gitaa."

Tangu hapo sikuweza kushika sahani bila kuigeuza. Wakusanyaji wa nje wana ngazi zao za kupima usafi, na bei hupanda kadiri sahani inavyong'aa. Kwa ngazi hizo sahani bora kuliko zote ni ile ambayo hakuna aliyeipiga. Kwa Nairobi hesabu hiyo inatoa majibu ya ajabu. Sahani zinazotafutwa kwa udi na uvumba London na Tokyo ni zile za fanki na soul za miaka ya 1970, kama "Fever" ya Ishmael Jingo, ambazo ukizipata mara nyingi ni safi. Kwa nini ni safi? Naamini jibu ni rahisi: wakati ule watu wa hapa hawakuzinunua kwa wingi, zikabaki ghalani. Benga na rumba ambazo taifa zima lilizichezea zimechakaa, kwa hiyo hazina bei. Sina ugomvi na watu wa nje. Lebo ya Soundway ya London ilipotoa mkusanyiko wa *Kenya Special* mwaka 2013, na wa pili 2016, iliokoa nyimbo ambazo sisi wenyewe tulikuwa tumezisahau, na yamo humo mambo ya kushangaza. Ila mtu akijifunza muziki wa Kenya kwa sahani safi peke yake, atajifunza yale ambayo wenyeji waliyapita barabarani wakienda kupanda basi.

Tulipanda matatu ya Barabara ya Ngong, tukapita Adams, tukashuka Dagoretti Corner kwenye mafundi wa makochi, tukachukua nyingine ya Kawangware. Mwenyeji wangu anakaa karibu na kituo kinachoitwa Congo, na amechoka kuchekwa kwa hilo na wapenzi wa rumba. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, kimoja cha watu na kimoja cha sahani. Mkewe alinikaribisha kwa chai na kunionya: "Shemeji, ukitaka kukaa, uliza kwanza. Hicho kiti si kiti." Kweli kilikuwa kreti la mkate lenye kitambaa juu, na ndani yake sahani kubwa zimesimama wima. Sahani hazilazwi, zikilazwa kwa rundo, za chini hupinda.

Mwenyeji wangu alizaliwa Kisumu, akaja mjini akiwa kijana na kuanza kwa kubeba masanduku ya dijei wa klabu moja ya katikati ya mji, enzi za Florida na wenzake, ile Florida ya Mtaa wa Koinange iliyokaa juu ya kituo cha mafuta ikiwa na umbo la chombo cha anga. Klabu zilitaka muziki wa Marekani. Muziki wa nyumbani ulikuwa wa baa, wa mchana, wa jukiboksi. Serikali iliwahi kujaribu kubadilisha hilo kwa amri: Machi 1980 redio ya serikali, Sauti ya Kenya, iliambiwa asilimia 75 ya muziki wake iwe ya Kenya, na amri ikafa karibu mara tu ilipotolewa. Yeye anaikumbuka kama msimu mfupi ambapo redio ya mama yake ilianza kuzungumza lugha za nyumbani bila kupumzika, kisha ikarudi kwa wazungu. Alipopandishwa cheo na kuruhusiwa kugusa mashine, alijifunza kuficha sahani moja ya bendi ya Super Mazembe katikati ya masanduku ya disko na kuipenyeza saa tisa usiku, meneja akiwa amelewa. Hakuna aliyewahi kulalamika. Ukumbi ulijaa.

Kisha zikaja kaseti, zikaja CD, zikaja kompyuta. Wenzake waliuza. Yeye alijifunza kufunga nyaya za umeme majumbani, kazi inayomlisha hadi leo, na kazi ambayo, alinikonyeza, humwingiza sebuleni kwa watu.

Jioni ile alikuwa na kazi ya kupiga muziki mkahawani, kwa hiyo alifanya maandalizi mbele yangu. Sahani za mjane alizikosha kwenye karai kwa maji baridi na tone la sabuni ya vyombo, kwa kitambaa laini, akifuata mifereji kwa mzunguko, kidole gumba kimefunika lebo. Lebo haijagundishwa, kiwandani hubanwa pamoja na plastiki ikiwa moto, haiwezi kubanduka, lakini ni karatasi na ikilowa wino unakimbia. Akazisimamisha kwenye kile kitu cha kukaushia sahani za kula. Moja ilikuwa imepinda. Hiyo aliilaza kati ya vioo viwili vya dirisha na kuiweka juu ya kabati. Itasubiri jua. Julai Nairobi haina jua la kunyoosha chochote. Mwisho akaipima sindano niliyomletea, akaifunga, akagandisha sarafu ya shilingi kumi kwa utepe juu ya kichwa cha mkono wa mashine. Wataalamu wa vitabu wakiona hivyo wanazimia, maana uzito unakula sahani. Lakini sahani iliyosagika inataka kushikiliwa, la sivyo sindano inaruka kama mbuzi.

Mkahawa wenyewe uko Lavington, mwendo mfupi kutoka Kawangware kwa Gitanga Road, na ni nchi nyingine kabisa. Unapita mabati na mitumba, dakika chache baadaye ni kuta ndefu, michongoma na walinzi. Wateja walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, waliovaa mashati ya baba zao kwa makusudi. Nairobi ya magharibi imejaa jioni za namna hii sasa. Kule Westlands, katika jengo la The Mall, shirika linaloitwa Santuri lina kituo chake cha kufundisha vijana muziki wa mashine na kazi ya udijei, na mjukuu wa Joseph Kamaru yule wa City Sounds, anayejiita KMRU, anajulikana Ulaya kwa muziki wa sauti tulivu usio na mdundo huku akizitoa upya nyimbo za babu yake aliyefariki 2018. Niliingia na dhana kwamba hawa wadogo wanapenda picha ya santuri kuliko santuri yenyewe. Wengine ndivyo. Walipiga picha mashine kabla haijapigwa muziki.

Mwenyeji wangu alianza taratibu, Fadhili William, Daudi Kabaka, watu wanakula. Alipofika Les Wanyika nilielewa kwa nini begi lake ni zito kuliko linavyopaswa. Ana nakala mbili za kila wimbo anaoupenda. Ukiwa na nakala moja, upande wa kwanza ukiisha lazima ukumbi usubiri ugeuze, na madijei wa zamani wa baa walijaza pengo hilo kwa kusalimia meza. Ukiwa na mbili, unaweka upande wa kwanza mashine ya kushoto, upande wa pili ya kulia, na pale studio ilipozima sauti mwaka ule, wewe unaiwasha. Alifanya hivyo akiwa ameinama, sikio moja ndani ya vifaa vya masikioni, kidole kikigusa ukingo wa sahani ya kulia kwa wepesi wa kuiongoza bila kuisimamisha. Kushoto gitaa lilianza kudidimia. Kulia likainuka. Hapakuwa na mshono. Wimbo niliousikia maisha yangu yote ukiwa na shimo katikati, na hatua za baba kuvuka sebule ndani ya shimo hilo, ulipita mzima. Nilijikuta nimesimama, na mbele yangu binti mwenye nywele za buluu alikuwa amefumba macho anacheza nao vizuri kuliko mtu yeyote wa Tanga ninayemjua.

Saa nne na kitu stima ikapotea.

Kompyuta isiyo na betri ikikatiwa umeme hunyamaza. Kama spika na vifaa vya kuchanganya sauti vina betri yake na mashine ya santuri haina, kama ilivyokuwa pale, santuri haifi hivyo. Sahani inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki, polepole zaidi na zaidi, na sauti ya mwimbaji inashuka, inakuwa ya mzee, inakuwa ya zimwi, gitaa linavutika hadi kila uzi unasikika peke yake. Ukumbi mzima ulipiga kelele ya furaha gizani. Walidhani ni mbinu. Yeye hakuinua sindano. Alitia kidole kwenye lebo na kuanza kuizungusha kwa mkono, kwa mwendo wa karibu karibu, wimbo ukipanda na kushuka kama mlevi anayejitahidi, hadi jenereta la jirani lilipokohoa na mashine kulichukua gurudumu kutoka kwake. Nilitazama ile sarafu ya shilingi kumi. Haikuwa imesogea.

Tulifunga masanduku saa tisa usiku. Vijana wawili walibaki wakiuliza nyimbo, wakizipiga picha lebo kwa makini, na mmoja aliandika jina la mwimbaji Nashil Pichen kwa kalamu mkononi mwake kwa sababu simu ilikuwa imeisha chaji. Nje baridi ilikuwa imekaza. Katika teksi mwenyeji wangu aliomba lile daftari la baba, akalisoma kwa taa ya dari, dereva akinung'unika.

"Hii," akasema, akaweka kidole. Ilikuwa sahani ya Simba Wanyika ambayo baba hakuwahi kumwazima mtu. "Uko nayo?"

Ninayo.

"Upande wa pili uko aje?"

Akanieleza nadharia yake. Nakala yake upande wa pili ni majivu, na kila nakala aliyoiona Nairobi na Kisumu iko hivyo. Lakini nyinyi watu wa pwani, alisema, mnapenda maneno. Mnakaa barazani mnachambua mwimbaji alikuwa anamsema nani. Kwa hiyo kwenu ni upande wa kwanza uliosagika, na wa pili umebaki mzima. Nikamwambia hiyo ni dharau, Tanga ilicheza dansi kabla Kisumu haijajua gitaa. Dereva akaingilia, yeye ni wa Busia, akataka kujua kwa nini Busia haitajwi.

"Basi angalia ukifika," mwenyeji wangu akasema. "Ikiwa nzima upande wa pili, nitakupa mbili za kwa hiyo daftari. Utachagua mwenyewe."

Nikamwambia tatu, na nauli ya kuileta.

"Tatu," akasema baada ya kufikiri hadi tukapita mataa ya Valley Arcade. "Nauli utalipa wewe."